Kromi ile ile, rangi mbili

Kwa muda mrefu niliamini kwamba rangi ya fuwele ni mali ya kilichotiwa ndani yake, kama maji yanavyochukua rangi ya wino. Yakuti ndiyo iliyoniondolea dhana hiyo. Oksidi ya alumini ikiwa safi haina rangi yoyote, lakini ioni chache za kromi (atomi zilizopoteza elektroni) zikishika nafasi za alumini, fuwele nzima huwa nyekundu. Ioni hizo hizo zikiingia katika madini ya berili, tunapata zumaridi ya kijani.

Katika fuwele zote mbili kila ioni ya kromi huzungukwa na oksijeni sita. Tofauti ni kwamba uga wa umeme wa majirani hao una nguvu zaidi katika yakuti, na uga huo ndio unaopanga umbali kati ya viwango vya nishati vya elektroni za kromi. Yakuti hufyonza mwanga wa zambarau karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 410 na wa kijani karibu na 550, nao wekundu hupita. Katika zumaridi uga hulegea kidogo, mikanda hiyo miwili ya ufyonzaji husogea kuelekea mawimbi marefu, na kijani hupata upenyo.

Ajabu ni kwamba zumaridi nayo, pamoja na ukijani wake, inapong'aa yenyewe hutoa mwanga mwekundu. Elektroni zilizopandishwa hushuka upesi hadi kiwango kimoja ambacho hakiathiriwi sana na nguvu ya uga, na hapo hukawia. Katika yakuti hukawia milisekunde tatu hivi, muda mrefu mno kwa elektroni, kabla ya kutoa mwanga wa nanomita 694.3, mstari mwembamba mwekundu. Ukawiaji huo ndio uliomwezesha Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza mwezi Mei 1960. Yakuti ikikandamizwa, mstari huo husogea takriban nanomita 0.36 kwa kila gigapaskali ya shinikizo, na kwa hiyo wanaobana sampuli kati ya almasi mbili huweka punje ya yakuti kando yake iwe kipimo cha shinikizo.

Ioni za lanthanidi, kundi la metali kama yuropi na seri, zina tabia nyingine. Elektroni zao za 4f, ganda la ndani, zimejificha nyuma ya maganda ya nje, hivyo yuropi katika oksidi ya itri hutoa mstari mwembamba mwekundu karibu na nanomita 611, na katika oksidi nyingine mstari huo hauhami mbali.

Seri ndiyo inayovunja utaratibu huo, nami naipenda kuliko zote. Elektroni yake hupanda hadi 5d, ganda lililo wazi kwa majirani, na katika garneti ya itri na alumini hufyonza mwanga wa buluu na kutoa mkanda mpana wa manjano. Buluu na manjano hayo yakichanganyika ndiyo mwanga mweupe wa taa nyingi za LED. Sehemu ya alumini ikibadilishwa kwa metali ya gali, manjano huelekea kijani; sehemu ya itri ikibadilishwa kwa metali ya gadolini, huelekea nyekundu, ingawa seri yenyewe haijaguswa.