Pembetatu nyekundu iliyogoma kutokea

Majuzi saa nane usiku napigiwa simu na operata wa kiwanda kimoja cha maji ya chupa, mzee mtulivu ambaye huwa hapigi ovyo. "Injinia, skrini yako safi kabisa, ila tenki la juu limekauka na pampu namba mbili imelala." Namuuliza, pembetatu nyekundu haijawaka? "Pembetatu gani? Huku kila kitu kijani." Usingizi ukaruka hapo hapo, maana ile pembetatu, alama ya kuonya kwenye skrini kwamba pampu ina hitilafu, niliichora mimi kwa mkono wangu.

Kwa wasiozijua hizi kazi, kwenye TIA Portal, programu ya Siemens tunayochorea hizi skrini za mitambo, ukitaka picha itokee au ijifiche kwa masharti, unaichagua, unaingia Animations, unaongeza Visibility, unaipa tagi (jina la thamani ambayo skrini inaisoma), unaandika kuanzia ngapi mpaka ngapi, halafu unasema ndani ya hizo namba ionekane au ifichwe. Basi. Tagi yangu ya hali ya pampu ni namba tu, 0 imesimama, 1 inazunguka, 2 imetripu, yaani imejizima kwa hitilafu, kwa hiyo pampu ya kijani nikaipa 1 mpaka 1 na pembetatu nikaipa 2 mpaka 2, nikajaribu mchana PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, ikiwa mezani pembeni yangu, ikawaka vizuri, nikafunga laptop nikaenda kula.

Kumbe jioni ya kabla ya simu hiyo foklifti iligonga trei ya nyaya na waya wa netiweki ukachomoka kwenye swichi. Pampu ilipotripu usiku PLC ilijua vizuri sana, ila paneli, yaani skrini ya operata, haikuletewa habari, ikabaki imeshikilia ile 1 ya mwisho kuisoma. Kadirisha ka mfumo ka kusema mawasiliano yamekatika kalitokea, nina uhakika, ila shifti ya mchana wamezoea kukafunga kama mtu anavyofukuza nzi. Na ukurasa wenyewe nilijaza mapicha matupu, ningeweka hata sehemu moja ya namba ingegeuka ##### na mzee angeshtuka mapema. Hilo kosa ni langu wala simsingizii mtu.

Yaani nilikuwa nimeifanya pembetatu isubiri habari mbaya ndiyo itokee, wakati habari ikikosekana kabisa inakaa kimya kama vile mambo shwari. Nikageuza. Chini kabisa sasa kuna pampu ya kijivu isiyo na sharti lolote, ipo siku zote, na zile nyingine zinakuja kukaa juu yake. Hii inasaidia pia pale mtu wa PLC anapoamua kuongeza hali namba 3 bila kukwambia, maana zamani ikija 3 picha zote zilikuwa zinajificha na unabaki na bomba linaloingia hewani, pampu hamna!

Lakini kijivu peke yake hakitibu waya uliochomoka, kwa sababu ile 1 ya zamani bado inashikilia kijani juu. Inatakiwa paneli yenyewe ijue kwamba PLC iko hai, na hiyo PLC haiwezi kumwambia, si ndo imeshakatika. Ningekuwa na Comfort, paneli za daraja la juu, ningeandika kaskripti, kaprogramu kadogo ndani ya paneli, ka kuangalia kama kaunta ya PLC inasogea, isiposogea sekunde 5 tagi ya ndani inafuta kijani chote. Ila mteja alinunua KTP700 Basic, paneli ya daraja la chini, na hizo hazina skripti, bei ilimvutia, ndo hivyo.

Nikaweka nukta kubwa pembeni juu ya kila ukurasa, inaonekana na kujificha kwa kufuata biti ya saa ya PLC, ambayo PLC yenyewe inaiwasha na kuizima kwa mpigo maalumu. Nikachukua biti M0.5, ile ya 1 Hz (mara moja kwa sekunde), nikapakia, nukta ikaganda. Nikarudi kwenye swichi, nikabadilisha waya, nikapingi kujaribu mawasiliano, pingi inajibu, nukta imeganda vilevile, saa nzima nahangaika. Kumbe paneli ilikuwa inasoma tagi kila sekunde 1, na biti nayo inawaka nusu sekunde inazima nusu sekunde, kwa hiyo kila paneli inapofumbua jicho inaikuta pale pale. Nikahamia M0.7, ambayo inawaka sekunde nzima na kuzima sekunde nzima, nikashusha na muda wa kusoma mpaka 500 ms (nusu sekunde), ikaanza kupepesa.

Vitufe vya kuwashia sikuvificha tena, navizima tu vibaki na rangi iliyofifia, maana kitufe kikitoweka mtu wa zamu anajua kimefutwa anaanza kubonya kila mahali.

Mzee nilimwelekeza hivi: ile nukta ikisimama, usiamini rangi yoyote, nipigie. Akaipa jina moyo. Wiki iliyofuata alfajiri simu ikaita, akapokea mke wangu, akasikia sauti ya mzee inasema taratibu, "Mwambie injinia moyo umesimama." Nilimkuta ameshakaa kitandani analia, hajui hata nani.