Waliuinua mlango wenyewe

Jamani, wenye milango ya kioo ya kusukuma, naomba mnisikilize. Wiki iliyopita, saa tisa usiku, wezi walitaka kuingia kwetu kupitia mlango wa barazani. Komeo lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, na wala hawakuligusa. Waliuinua mlango wenyewe, wakaanza kuuchomoa kwenye reli! Mbwa wa jirani alibweka ndipo wakakimbia. Alhamdulillah.

Fundi wa aluminiamu alinionyesha kosa: juu, kati ya mlango na fremu, palipita kidole kizima. Amefunga skrubu ndani ya reli ya juu, zimeacha upenyo wa kuteleza tu, sasa mlango hauinuki. Kwenye reli ya chini tunalaza kipande cha bomba la chuma kila usiku, kimekatwa kwa kipimo. Grili itafuata mwisho wa mwezi, Mungu akijalia. Nimesisitiza iwe ya kufunguka, maana moto ukitokea watoto watapitia wapi? Ufunguo utakaa ndani, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki.

Mama bado anashtuka usiku. Tafadhali, leo jioni shikeni mlango wenu kwa mikono miwili, mjaribu kuuinua.