Mgeni wa mwaka wa tatu

Wiki ya nne hii UC Davis, tawi la Chuo Kikuu cha California, na mtihani wa kwanza wa katikati umeshapita. Huku mwaka umekatwa robo, kila robo wiki 10 za vipindi. Kule nilikotoka, chuo cha jamii cha miaka miwili Sacramento, muhula ulikuwa karibu miezi minne. Ukiteleza Septemba, Oktoba unajikusanya. Hapa ukiugua mafua siku tatu, mwalimu ameshamaliza sura mbili.

Mjomba alinipigia Jumapili kutoka Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba, akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, unaingiaje mwaka wa tatu kwenye chuo ambacho hujawahi kusoma? Hao si matapeli?" Namwelewa. Nyumbani mtu akimaliza stashahada akaenda kusoma shahada, aghalabu anaanza mwaka wa kwanza kama waliotoka kidato cha sita. Nikamweleza kwamba California walishaupanga mfumo huu tangu 1960: unasoma miaka miwili ya mwanzo chuo cha jamii, dola 46 kwa yuniti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo, kwa mkazi wa jimbo, ukifikisha yuniti 60 zinazokubalika unahamia chuo kikuu na kumalizia. Huku chuo kikuu ada peke yake inapita dola 14,000 kwa mwaka. Aliposikia hizo hesabu, sauti ikalainika.

Sikumsimulia jioni nilizokaa kwenye ASSIST, tovuti inayoonyesha somo gani la chuo cha jamii linakubalika chuo kikuu, nikilinganisha somo moja moja: hili litahesabiwa kwenye uchumi, hili litaingia kama la ziada tu. Wala TAG, ile ahadi ya nafasi unayoiomba Septemba, mwaka mzima kabla ya kuhamia. Davis wanaitoa, matawi yenye majina kama Berkeley na UCLA hawatoi. Kwa mtu anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee kama mimi, ahadi iliyoandikwa inazidi jina kubwa. Wenye uwezo wa kubahatisha wabahatishe.

Yuniti zangu zote zimefika salama. Kisichohamishika ni mazoea. Wenzangu wa mwaka wa tatu wana miaka miwili ya kujuana. Walishakaa bweni moja, wanajua profesa gani anatoa kazi za utafiti na wa kumwomba barua ya utambulisho. Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika kabla ya jembe. Hapa unakabidhiwa jembe getini, tena kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, wakati chuo cha jamii tulikuwa thelathini na mwalimu alijua kwamba natoka kazini nikiwa bado na sare.

Ndugu zangu wa hapa wanaonitumia ujumbe kuuliza kama chuo cha jamii ni cha walioshindwa: kule darasa la takwimu nilikaa na mama wa Kikongo mwenye wajukuu, aliyekuwa akinisahihisha mahesabu kwa Kiswahili cha Bukavu. Aliyeshindwa ni nani hapo?

Alhamisi nitakwenda ofisini kwa profesa wa uchumi kwenye saa zake za wanafunzi. Sina swali la somo. Nataka tu alijue jina langu kabla robo haijaisha, maana barua za kuombea kazi za mafunzo zinatakiwa Januari.