Kutu kiasi gani?

Paa la ghala la reli yangu ya mfano, ile ndogo ninayoijenga nyumbani, limekaa leo. Limetokana na foili, ndala iliyokatika na bolti ya milimita 5.

Majengo ya reli za mfano yanayouzwa yamekatwa tayari, mengi ni ya kizungu: paa limesimama wima ili theluji iteleze, baraza hakuna. Kibanda kimoja nilikikata paa, nikakiongezea upenu, bado kikabaki mgeni. Reli ninayoijenga ni ile ya Kusini, iliyowekwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikatoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, baadaye Masasi, ikafungwa 1962. Ghala lake sharti nilianze mwenyewe, kwa kadibodi na gundi ya mbao.

Kazi tamu ilikuwa bati. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23, na mgongo wa bati hadi mgongo haufiki hata milimita 1. Meno ya bolti ile yamepishana milimita 0.8. Unatandika foili juu ya ndala, unaiviringishia bolti huku ukikandamiza, mistari inajichora yenyewe. Kisha unakata vipande vyembamba, unavipandanisha mgongo mmoja mmoja kuanzia chini kwenda juu, kama fundi anavyoezeka.

Halafu kutu. Nilichekecha udongo mwekundu, nikauchanganya na rangi ya kahawia. Mpwa wangu akataka nipake paa zima.

"Mjomba, bati la zamani si lote limeoza?"

"La zamani kwetu sisi. Stesheni yangu ni ya mwaka 1961. Hilo bati lina miaka kumi na kidogo."

Hapo ndipo nilipokaa na brashi mkononi muda mrefu. Reli hii tumeijua ikiwa imeshakufa, basi mkono wenyewe unataka kuichakaza. Lakini kutu huanzia kwenye tundu la msumari na ukingo uliokatwa, pale zinki ilipotoboka. Hapa Shangani chumvi ya bahari ingeshalimaliza. Ghala langu liko bara, huko vumbi ndilo linalotawala. Nimegusa misumari tu, nikapuliza vumbi jekundu kwenye kuta, chini chini. Mpwa hajaridhika.

Zimebaki nguzo za baraza. Chelewa za ufagio zina unene wa kutosha, ila natafuta zilizonyooka, na mama watoto ameshaanza kuhoji mbona ufagio wake unakonda.