Usiku Taa za Swichi Zilipowaka Bure

Saa nane na dakika kumi usiku simu iliita, na mfanyakazi wa zamu akaniambia jambo lililonitia mashaka kuliko kama angesema mfumo umezimika: baadhi ya wateja waliziona oda zao, ilhali wengine waliambiwa kwamba oda walizoziweka nusu saa iliyopita hazipo.

Klasta yetu, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama mfumo mmoja, ilikuwa na seva mbili za Linux. Kila seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao zilizofungwa pamoja zionekane kama moja, ya kwanza ikifanya kazi na ya pili ikisubiri, kila moja ikiwa imeunganishwa na swichi yake (kifaa kinachopitisha data kati ya kompyuta). Kupitia njia hiyo seva zilipeana ishara za uhai, na programu ya DRBD ikanakili diski ya moja kwenda kwa nyingine. Wateja waliingia kwa mtandao mwingine kabisa. Siku ya kuukabidhi mfumo niling'oa kebo mbele ya wakubwa wangu, mawasiliano yakahamia kadi ya akiba mara moja, nami nikapokea pongezi (kwa furaha, nakiri).

Usiku ule taa za swichi ya kwanza zilikuwa za kijani kama kawaida, na ilinichukua karibu saa nzima kutambua kwamba swichi yenyewe ilikuwa imeganda: umeme ulikuwemo, lakini haikupitisha pakiti hata moja ya data. Nilikuwa nimeiagiza Linux ikague kila milisekunde 100 iwapo kebo iko hai, si iwapo data inafika kwa seva nyingine. Na kwa kuwa kebo zilikuwa hai, hakuna kadi iliyoona sababu ya kuhama. Kila seva ikaamini kwamba mwenzake amekufa. Klasta nilikuwa nimeiruhusu iendelee kwa kura moja, yaani seva ijiamulie peke yake, na ile hatua ya kuizima kwanza seva nyingine kabla ya kutwaa kazi yake nilikuwa nimeiondoa, kwa sababu tu ilinisumbua wakati wa majaribio. Basi zote mbili zikashika anwani ileile ya IP waliyoitumia wateja na kuanza kuandika, kila moja kwenye diski yake.

Nilipochomoa umeme wa swichi, kadi za akiba zilishika kazi papo hapo, seva zikaonana, na DRBD ikakataa katakata kuunganisha nakala mbili zilizokwisha kuachana. Tulichagua ya kubaki, tukahifadhi nyingine pembeni, kisha tukahamisha oda moja moja kwa mkono hadi mchana, zikiwemo zile ambazo seva zote mbili zilizipa namba moja.

Baadaye niliongeza kebo ya moja kwa moja kati ya seva, isiyopita kwenye swichi yoyote, nikaweka mashine ya tatu ya kupiga kura ya akidi, ili seva iliyo peke yake isijiamulie, nikarudisha ile hatua ya kuzima, na ukaguzi wa kadi nikaubadilisha uwe wa ARP, yaani kadi iulizie mtandaoni na kungoja jibu. Siku ya jaribio nilibadilisha VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) ya mlango wa swichi ili data isifike huku taa ikiendelea kuwaka, na baada ya sekunde mbili hivi mawasiliano yakahama. Mkubwa wangu mmoja aliuliza mbona safari hii sing'oi kebo.