Adapta na pawabenki kwa laini moja
Kisumu stima ikipotea rauta inazima, so nataka adapta ya volti 5 na pawabenki zilishe laini moja. Kuziunganisha moja kwa moja hapana, yenye volti ziko juu itasukuma karenti irudi kwa ingine. Dayodi ya Schottky (hupitisha karenti upande mmoja tu) inazuia but inakula kama volti 0.3 hivi, kwa volti 5 hiyo ni mingi bana. Mimi nachukua chipu mbili za LM66100 za Texas Instruments, zinafanya kazi kama dayodi lakini hasara ni ndogo, zinabeba hadi ampea 1.5, upinzani kama miliomu 79, yaani ampea 1 inapoteza volti 0.08 tu, na mguu wa CE (wa kuwasha chipu) unaufunga kwa VOUT (mguu wa kutoa umeme) ndio karenti isirudi. Swichi ya kawaida yenye mosfeti moja (transista ya kuwasha na kuzima umeme) ina dayodi ndani inayopitisha kinyume hata ikizimwa, na hapo ndio watu huchomea vitu. Betri ya volti 12? LM66100 mwisho wake volti 5.5, tafuta chipu ya LTC4412 na mosfeti ya nje.