Jirani aliyeondoka na kumbukumbu iliyovuja

Kwa miezi mitano mfululizo grafu ya kumbukumbu (RAM) ya ruta yetu moja, yaani mtambo unaoelekeza data kati ya mitandao, ilipanda polepole bila mtu yeyote kuitilia maanani, kwa kuwa ilipanda megabaiti mbili na ushei kwa siku, na hakuna fundi wa zamu anayeamshwa usiku kwa ajili ya megabaiti mbili. Ruta yenyewe si kifaa cha bei ghali. Ni mashine pepe yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu, inayoendesha Linux na programu za uelekezaji za FRRouting. Alfajiri moja kiini (kernel) cha Linux kiliishiwa nafasi, kikatafuta programu iliyoshika kumbukumbu nyingi kuliko zote, kikaiua. Programu hiyo ilikuwa bgpd. Iliwashwa upya yenyewe na vikao na majirani, yaani ruta nyingine inazopashana nazo njia, vikarudi baada ya muda mfupi, lakini wateja walikuwa wameshapiga simu.

FRRouting, ambayo wengi wetu tunaiita FRR tu, ni mkusanyo wa programu huria zinazogawana kazi: bgpd huzungumza itifaki ya BGP, ya kupashana njia kati ya mitandao, ospfd huzungumza OSPF, ya njia za ndani ya mtandao mmoja, na zebra hupokea njia wanazoleta wenzake na kuziandika katika jedwali la njia la kiini. Jina hilo la zebra ni alama ya ukoo. Kunihiro Ishiguro alianzisha GNU Zebra mwaka 1996, Zebra ikazaa Quagga, na mwaka 2017 FRR ikatoka katika Quagga. (Quagga alikuwa punda milia wa Afrika Kusini, na wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883. Aliyeipa jina hilo programu aliyotaka idumu alikuwa na ujasiri wake.) Maana yake ni kwamba ukifungua faili lolote kubwa la bgpd unasoma lugha ya C iliyopita katika mikono mingi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mikono hiyo haikuwa na tabia moja.

FRR huhesabu kumbukumbu yake kwa aina: vipande vingapi ni vya njia, vingapi ni vya majirani, vingapi ni vya sera. Nilitoa amri ya kuonyesha hesabu hiyo asubuhi, nikaitoa tena jioni, nikalinganisha. Hakuna aina iliyoongezeka kwa kiasi cha kutia shaka. Jumla ya kumbukumbu iliyochukuliwa kutoka kwenye mfumo, hata hivyo, ilikuwa imeongezeka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba maktaba ya JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) ambayo FRR huitumia hujichukulia kumbukumbu yenyewe, nje ya daftari la FRR, kwa hiyo kinachovujia huko, yaani kinachochukuliwa bila kurudishwa, hakionekani katika hesabu ya ndani.

Mtuhumiwa akawa amebaki mmoja. Tunayo skripti ya ufuatiliaji ambayo kila baada ya sekunde 30 huiuliza bgpd hali ya kila jirani na kutaka jibu katika muundo wa JSON. Mmoja wa majirani hao alikuwa ameondolewa kwenye usanidi miezi mitano kabla, na hakuna aliyekumbuka kumfuta kwenye skripti. Nikafungua funksheni ya bgpd, yaani kipande cha msimbo, inayojibu swali hilo. Mstari wa juu kabisa uliunda kitu kitupu cha JSON. Mistari michache chini yake ulifuata ukaguzi wa kama jirani aliyetajwa yupo. Kama hayupo, funksheni ilichapisha onyo na kurudi palepale, huku kile kitu kitupu kikiachwa bila mwenyewe. Kitu kimoja hakifiki kilobaiti moja. Maswali 2,880 kwa siku, kwa miezi mitano, yanatosha kujaza mashine yetu.

Tiba ya haraka ilikuwa kuongeza mstari wa kukiachilia kitu hicho kabla ya kurudi. Mimi nilipendelea kushusha mstari wa kukiunda hadi chini ya ukaguzi, ili njia ya kutokea mapema isiwe na chochote cha kusafisha. Atakayeongeza ukaguzi mwingine mahali pale mwakani hatahitaji kukumbuka chochote. Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini funksheni ile ilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili, nusu yake ikirudia nusu nyingine kwa tofauti ya JSON na maandishi ya kawaida, nami nikashawishika kuipanga upya yote. Nikatuma kwa mradi wa FRR kiraka kimoja, yaani mabadiliko ya msimbo, chenye tiba na usafi pamoja.

Kilirudishwa siku hiyohiyo, kwa adabu. Mhakiki alitaka tiba iwe badiliko lake peke yake na usafi uwe mwingine, na sababu yake ilikuwa ya kazi wala si ya urasimu: tiba hupelekwa pia katika matawi ya matoleo ya zamani ambayo watu bado wanayaendesha, na usafi haupelekwi huko. Zaidi ya hayo, mtu anayetafuta ni badiliko lipi lililoleta hitilafu kwa kuigawanya historia nusu kwa nusu hukwama akiangukia badiliko lililogusa mistari mia mbili kwa sababu tatu tofauti. Nilinung'unika kidogo, kisha nikakigawa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaouona usafi kuwa urembo. Januari 2019 watafiti walitangaza katika intaneti njia za majaribio zilizobeba sifa ya BGP (maelezo yanayoambatana na njia) yenye namba 255, namba iliyotengwa kwa ajili ya maendeleo. Kwa mujibu wa RFC 4271, waraka wa kanuni za BGP, ruta isiyoitambua sifa ya hiari inayopitishwa huipokea na kuipeleka mbele. Lakini ndani ya FRR namba hiyohiyo ilikuwa ikitumiwa na sehemu iitwayo VNC, ambayo wengi waliokuwa nayo hawakuihitaji. Ruta zilizokuwa na sehemu hiyo ndani yake zilidhani zinaifahamu sifa, zikaisoma, zikaiona imeharibika, zikavunja kikao. Kikao kiliporudi, sifa ileile ilirudi nacho. Jaribio lilisimamishwa, hitilafu ikaandikwa katika orodha ya hitilafu za usalama kwa namba CVE-2019-5892, na matoleo yaliyorekebishwa, likiwemo 6.0.2, yakatoka. Jaribio liliporudiwa baadaye mwezi huohuo bado wapo waliokatika, kwa kuwa hawakuwa wamesasisha, na watafiti wakaliacha kabisa. Huo ulikuwa msimbo uliobaki kutoka kazi ya ndani, ukitumia namba ya kuazima, umekaa kimya hadi siku mgeni alipobisha hodi.

Kusafisha nako kuna ajali zake. Katika usafi mwingine, upande wa kumfuta jirani, nilikuta mstari unaoongeza hesabu ya sehemu za programu zinazomtumia jirani huyo na, mistari minane chini, mwingine unaoipunguza. Nikaona vinafutana, nikaviondoa vyote viwili. Kwenye mashine yangu kila kitu kilikwenda sawa. Majaribio ya mradi, ambayo hujenga mtandao mdogo wa ruta za kubuni ndani ya kompyuta moja, yalilalamika kwamba kumbukumbu imeguswa baada ya kuachiliwa: kati ya ile mistari miwili palikuwa na wito uliokuwa unaweza kumwachilia jirani moja kwa moja, na hesabu ile ndiyo iliyomshikilia hadi mwisho wa funksheni. Nilivirudisha vyote viwili, pamoja na maelezo ya sentensi moja ambayo mwandishi wa kwanza alituhini.

Wakati mwingine gharama huonekana wazi na bado hulipwa. Mwaka 2023 FRR ilibadilisha jina la muundo wake wa matukio, lililosomeka kama nyuzi za utekelezaji (threads, kazi zinazokwenda sambamba) wakati sivyo, na badiliko hilo liligusa karibu kila pembe ya mradi. Tangu hapo anayerudisha kiraka katika tawi la zamani hulazimika kukiandika upya kwa mkono. Nimefanya hivyo mara mbili, na bado naliona jina jipya ni bora.

Kiraka changu kidogo kilikubaliwa. Kile cha usafi kiko katika duru ya tatu ya uhakiki. Skripti ya ufuatiliaji nimeirekebisha kwenye ruta zote isipokuwa mashine ya majaribio, ambako nimeiacha kusudi iendelee kumuulizia jirani aliyeondoka kila baada ya sekunde 30. Leo ni siku ya arobaini na moja, na mstari wa grafu umelala.